Je, Jembe ni Adhabu?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, naomba nafasi kidogo katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sote twalijua, ila hatulisemi. Jambo lenyewe ni jembe.

Katika shule yetu, kama katika shule nyingi za Uganda, mwanafunzi akichelewa sala ya asubuhi hupewa jembe. Akizungumza wakati wa kimya hupewa jembe. Akitoroka kwenda kununua chapati barabarani hupewa jembe, pamoja na kipande cha ardhi kilichopimwa kwa hatua za kiranja. Mimi mwenyewe nimelima nyuma ya jiko mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Simlaumu mwalimu yeyote. Kiboko kimekatazwa na sheria katika shule tangu mwaka 2016, na walimu hawana budi kutafuta njia nyingine ya kutuonya. Lakini nauliza hivi: kijana anayepewa jembe kila akosapo, na asiyepewa hata siku moja afanyapo vema, hujifunza nini? Hujifunza kwamba jembe ni chombo cha wakosaji. Na akirudi kwao likizoni, akamkuta baba yake amelishika tangu alfajiri, atamwonaje baba yake?

Nitalijibu swali hilo kwa habari yangu mwenyewe, ijapokuwa habari hiyo hainipi sifa.

Kwetu ni upande wa Mpigi. Babu yangu alikuwa na kahawa, na kahawa ile ndiyo iliyowasomesha shangazi zangu. Kisha ukaja ule mnyauko wa kahawa, ambao ulitambuliwa nchini mwetu mwaka 1993. Mti ulikuwa ukianza kukauka majani upande mmoja, na baada ya miezi michache umekuwa kuni. Shamba la babu lilikufa mti baada ya mti. Siku hizi wataalamu wa Kituza wamepata miche inayostahimili ugonjwa huo, na baba amepanda michache; lakini kahawa yataka miaka, na karo ya shule yadaiwa kila muhula. Kwa hiyo baba aligeukia nyanya, ambazo huiva kwa miezi mitatu au minne.

Likizo ya mwisho wa mwaka jana, siku chache baada ya Krismasi, tulichuma makasha sita. Tulipakia saa sita ya usiku katika gari la jirani, mimi na baba tukakaa juu ya makasha, tukafika Nakasero saa tisa ya usiku.

Wengi wenu mwakijua kilima cha Nakasero. Juu yake mna Ikulu, mahoteli makubwa, balozi za nchi za nje, na nyumba zenye miti na kuta ndefu. Chini yake mna soko, ambalo jengo lake la zamani lilijengwa mwaka 1927. Mchana utaona matunda yamepangwa vizuri kama vitabu katika maktaba. Lakini anayetaka kulijua soko na afike usiku, wakati magari yanaposhusha mizigo, na wapagazi wanapopita mbio na magunia vichwani wakipiga kelele watu wapishe. Wakati huo ndipo bei inapokatwa, na mwenye mali hana sauti.

Tulipofika, mnunuzi wa jumla alisema atatoa shilingi 50,000 kwa kasha. Baba akasita, akasema tungoje. Magari mengine yakaingia, yote yana nyanya. Saa kumi na moja alfajiri mtu yule yule alirudi akasema 40,000. Baba akauza makasha matano. La sita alilipeleka kwa dada yake, shangazi yangu, ambaye ana kibanda katika soko lile, ili aliuze kwa mafungu tupate nyongeza kidogo.

Basi saa tatu asubuhi tulikuwa tumekaa hapo, baba akipanga mafungu, mimi nikifuta nyanya kwa kitambaa. Mara nikamwona mwenzangu wa darasa anakuja na mama yake. Mama yule akasimama mbele yetu.

“Karibu, nyabo,” baba akasema.

“Fungu shilingi ngapi, ssebo?”

“Elfu tatu, nyabo.”

Mwenzangu akaniona. Akafurahi sana, akanishika mkono, akauliza, “Wewe! Unafanya nini hapa?”

Nikajibu, “Nimetumwa kununua nyanya.”

Hayo ndiyo niliyosema, na baba yangu amesimama hatua moja kutoka kwangu, kasha lake liko miguuni pake. Baba hakusema neno. Alipima mafungu mawili, akaongeza nyanya moja juu, kama desturi, akampa mama yule, akapokea fedha kwa mikono miwili. Nami nikajifanya kutazama machungwa ya jirani mpaka walipokwenda zao.

Mchana tulipanda teksi kurudi nyumbani. Tulipokwisha kupita Kyengera, baba akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mwanangu, ulisema umekuja kununua. Je, ungenunua kwa bei gani?”

Nilifikiri ananisuta, nikainamisha kichwa. Lakini alirudia tena, nikaona kwamba anauliza kweli. Alitaka kujua. Alikuwa amelima miaka yote ile bila kujua kwa hesabu kamili kama nyanya zampa faida au zamla. Gharama alizijua kwa kichwa, kipande kipande: dawa ya jana, vibarua wa mwezi uliopita. Hakupata kuzikusanya mahali pamoja. Na mimi mwanawe, niliyesomeshwa hesabu kwa jasho lake, nilikuwa nimekaa nyumbani likizo zote bila kumwandikia hata mstari mmoja.

Jioni ile nikatwaa daftari langu la zamani, nikaanza. Mavuno yalipokwisha, hesabu yetu ilikuwa hivi. Mbegu shilingi 40,000, mbolea ya kuku 60,000, dawa ya kunyunyizia 180,000, vibarua 100,000, miti na kamba za kuegemezea 50,000. Jumla 430,000. Makasha yote tuliyochuma kwa awamu tatu yalikuwa 14, na kila kasha lilitugharimu 11,000 kwa gari, wapagazi na ushuru, yaani 154,000. Gharama zote basi ni 584,000. Mapato: makasha manne ya kwanza kwa 70,000 kila moja, matano ya siku ile kwa 40,000, moja la mafungu lilitoa 132,000, na manne ya mwisho kwa 55,000. Jumla 832,000. Ukiondoa gharama, zabaki 248,000.

Hizo ndizo fedha za baba na mama kwa siku 120 za kulima, kupalilia, kumwagilia na kunyunyizia. Gawanya mwenyewe. Ni shilingi elfu mbili na kidogo kwa siku, kwa watu wawili. Fungu moja la nyanya pale Nakasero lilikuwa elfu tatu. Yaani wazazi wangu wawili, kwa kazi ya kutwa, hawakuweza kununua fungu moja la nyanya zao wenyewe.

Nilipoona hayo nilikasirika, nikamshika shangazi. Nikamwambia, “Shangazi, kasha lanunuliwa arobaini, kwa mafungu latoa zaidi ya laki moja. Ninyi wauzaji mwatunyonya.” Shangazi hakukasirika. Alinionyesha. Kasha lile lilikuwa na mafungu 60, lakini aliuza 44 tu. Mengine yalikuwa yamepondeka chini ya kasha kwa ajili ya safari na kwa sababu tulijaza mno. Mengine yalioza siku ya pili. Na juu ya hayo yuko mwenye kibanda anayetaka kodi, uko ushuru, yuko mlinzi, na ziko siku za mvua ambazo wateja hawaji. “Mimi simwibii baba yako,” alisema. “Tunaoibiwa ni sote wawili, na mwizi ni kule kuoza.”

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: “Kwa nini kijiji chenu chote kilileta nyanya juma moja?”

Jibu ni rahisi, ila nililijua baada ya kuulizwa. Msimu uliotangulia nyanya zilikuwa ghali, kwa hiyo kila mtu kijijini alipanda nyanya, tena siku moja na mwenzake, mvua ya kwanza iliponyesha. Zikaiva pamoja, zikafika sokoni pamoja, bei ikaanguka. Wakaapa hawatapanda tena. Mwezi wa tatu nyanya zilikuwa adimu, bei ikapanda, nao hawana kitu shambani. Kahawa ikikauka yaweza kungoja ghalani bei nzuri. Nyanya haingoji. Mkulima wa nyanya aliyekwisha kuchuma ni kama mtu anayeuza barafu juani.

Wazee wetu wana methali: achanikaye kwa mpini hafi njaa. Ni kweli. Nyumbani kwetu hatujalala njaa hata siku moja. Ndizi zipo, mihogo ipo, maharage yapo. Lakini methali haikutaja karo. Haikutaja dawa ya hospitali wala bati la nyumba. Zamani mpini ulitosha. Leo mpini walisha tumbo, lakini mengine yote yataka mpini pamoja na kalamu.

Wala msidhani kwamba habari ya bei ni mpya. Mwezi wa nne mwaka 1949 watu wengi walikusanyika Mengo kumpelekea Kabaka madai yao, na miongoni mwa madai hayo ni kwamba wakulima waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe na kuuza mazao yao kwa uhuru. Ghasia zikatokea, watu wakafa, na chama cha wakulima kilichoongozwa na Ignatius Musazi kikapigwa marufuku. Babu zetu hawakuliona jembe kuwa ni aibu. Waliona aibu kulima kitu ambacho mtu mwingine atakipangia bei, na wao hawana la kusema.

Sasa narudi shuleni. Ndani ya madarasa yetu mna hesabu za asilimia, mna jiografia ya mvua na udongo, mna elimu ya viumbe yenye habari za ukungu na bakteria, ile ile inayoua nyanya na migomba. Nje ya madarasa mna shamba na jembe. Lakini shuleni kwetu vitu hivi viwili havikutani. Kalamu ni ya mwanafunzi mwema, jembe ni la mkosaji. Basi twamaliza kidato cha sita tukiwa tumejifunza kulima kama adhabu, na kupiga hesabu za maduka ambayo hatujapata kuyaona, wala hatuwezi kumwambia baba kama shamba lake lampa faida.

Najua nitapingwa. Wenzangu watasema, “Tulikuja shule ili tulikimbie jembe.” Wazazi wengi nao husema hivyo, baba yangu mwenyewe aliniambia nilipokuwa mdogo, “Soma, usije ukateseka kama mimi.” Na ziko sababu za zamani za hofu hiyo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki, ikashauri kwamba shule za Waafrika zifundishe kilimo na kazi za mikono. Watu wengi walitilia mashaka ushauri wa namna hiyo, wakaona kwamba watoto wao watapewa jembe ili kalamu ibaki kwa wengine. Walikuwa na haki ya kuogopa. Mimi pia nisingekubali elimu ya jembe bila kalamu. Ninachoomba ni kalamu ifike shambani.

Tena sisemi kwamba sote turudi vijijini. Kibanja cha babu kiligawanywa kwa wanawe watano. Kikigawanywa tena kwetu, kila mmoja atapata mahali pa kujenga nyumba na kupanda migomba michache. Wengi wetu hapana budi tutafanya kazi nyingine. Mimi mwenyewe nataka kusoma mambo ya hesabu za biashara, Mungu akipenda. Lakini hata atakayekaa juu ya kilima cha Nakasero katika ofisi yenye kiyoyozi atakula chakula kilichopanda kutoka chini. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Mlaji asiyejua chakula chake kinatoka wapi ndiye anayetunga sheria mbaya, na ndiye anayedharau watu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naleta maombi matatu.

La kwanza, kwa Mkuu wa Shule na walimu wetu: jembe liondolewe katika orodha ya adhabu. Mkosaji aoshe madirisha, afagie ukumbi, aandike barua ya kuomba radhi, au anyimwe mchezo wa Jumamosi. Shamba lisiwe gereza.

La pili: kila darasa lipewe kipande cha shamba, na daftari moja la hesabu. Darasa lipande litakacho, liandike kila senti na kila saa ya kazi, na jiko la shule linunue mavuno kwa bei ya sokoni ya siku ile. Mwisho wa muhula hesabu zisomwe mbele ya shule nzima, waliopata na waliopata hasara. Naamini tutajifunza zaidi kwa hasara ya sukuma wiki zetu wenyewe kuliko kwa mifano kumi ya kitabuni. Na likizoni, kila mtu afungue daftari kama hilo nyumbani kwao. Sisi hatukufanya mambo makubwa: msimu huu baba na majirani watatu wamekubaliana wapande kwa kupishana majuma mawili mawili, wakodi gari moja kwa pamoja, wasijaze makasha kupita kiasi, na wampigie shangazi simu kabla ya kuchuma. Sijui bei itakuwaje, nyanya ni nyanya. Lakini safari hii tutajua tulipo.

La tatu, kwenu kaka zetu mliokwisha kufanikiwa. Wengi wenu mna mashamba vijijini mnayoyalima kwa simu siku ya Jumamosi. Vema. Lakini mnapokuja siku ya kutembelea shule, mwatueleza habari za ofisi, za safari na magari. Hakuna hata mmoja aliyetueleza habari za shamba lake: alipanda nini, alipoteza ngapi, alidanganywa na nani. Tuelezeni na hayo. Mkisema ninyi mliovaa suti, wadogo zenu watasikia upesi kuliko nikisema mimi.

Namaliza kwa deni langu. Yule mwenzangu tuliyekutana naye Nakasero yumo humu shuleni, na gazeti hili atalisoma. Ndugu yangu, siku ile nilikudanganya. Sikutumwa kununua nyanya. Nilikuja kuuza. Zile ulizokula nyumbani kwenu zilitoka shambani kwetu. Mimi mwenyewe nilizichuma. Na yule mzee aliyempimia mama yako, akaongeza moja juu, ndiye baba yangu.